Kisogo cha mtoto kimekuwa bapa, nimpeleke wapi?

Mwezi huu nilitaka nijibu meseji za homa na meno lakini nimekuta nne zote za vichwa vya watoto, sijui ndo joto hili la kaskazi watu wananyoa sana au vipi, basi homa zisubiri. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana humo ndo mna mambo yote.

Assalaam alaykum dada. Mie niko Wete, mtoto wangu wa mwanzo, wa kiume, keshapata sindano ya wiki 14. Kazaliwa na kichwa kizuri tu, tulipomnyoa siku ya saba hakikuwa na kitu. Sasa tumemnyoa tena ndo tunaona kisogo upande wa kulia bapa kama kimekatwa na kisu, na sikio la kulia naliona limekuja mbele. Mama mkwe anasema ni mie nimemlaza vibaya, anataka amkande mpaka kirudi. Wifi yangu yuko Maskati kanitumia klipu ya watoto wamevishwa helmeti, anasema bila ivo atabaki ivo ivo maisha, mume wangu keshaanza kuuliza bei. Jirani ananambia ninunue kimto chenye tundu katikati. Kliniki nikaambiwa "kitakaa sawa", basi, mwengine aingie. Nishike lipi?
Mama wa mtoto wa mwanzo, Wete

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Pole kwanza kwa maneno ya watu, mana mtoto akishanyolewa kila anaeingia kutoa hongera anatoka kaacha fatwa yake.

Nianze na la mama mkwe likutoke moyoni: hukumlaza vibaya. Kumlaza chali ndo sawasawa, mchana na usiku, na usije ukamgeuza kifudifudi akiwa usingizini ati kisogo kipumzike. Marekani madaktari wa watoto walianza kuwakataza wazazi kulaza kifudifudi mwaka 1992, kampeni yenyewe ikaanza 1994, na vile vifo vya ghafla vya watoto wachanga, yani kalazwa mzima asubuhi hayupo, vikashuka kwa zaidi ya nusu. Ila visogo bapa navyo vikazidi, kwani mtoto mchanga analala saa 14 mpaka 17 kwa siku na mfupa wenyewe laini. Kati ya kisogo bapa na mtoto asieamka mie sihitaji kuulizwa nachagua kipi.

Sasa uelewe kinachotokea huko ndani. Fuvu la mtoto si mfupa mmoja, ni vipande vimeachiana nafasi kwenye maungio, ndo mana unaona utosi unapigapiga. Vipande ivo vinasogea ili apite njia ya uzazi, tena ili ubongo upate pa kukulia, na ubongo mwaka wa kwanza unakwenda mbio, miezi mitatu ya mwanzo tu mzunguko wa kichwa unaongezeka kama sentimita 2 kila mwezi. Kichwa kinapokua kinajaa kule kulikoachiwa, upande uliobanwa na godoro haujai. Kwahiyo hakuna kilichobonyea na ubongo haujaguswa, upande mmoja umenyimwa kukua tu, na ukiutoa kwenye godoro wakati kichwa bado kinakua unaanza kujaa wenyewe.

Lakini kwanini kulia? Naona hakuna alokuuliza hilo, na mie ndo swali langu la mwanzo kwa kila mama. Mtoto hachagui upande bure, ama chumba kinamwita ama shingo inamkatalia. Chumba kumwita ni ivi: kitanda kimegotezwa ukutani, kushoto kwake ukuta, kulia uko wewe na mlango na mwangaza wa dirisha, sasa kwa akili yake atazame ukuta afanye nini? Shingo kumkatalia ni jambo jengine. Mjaribu akiwa macho na keshashiba, mlaze chali, uso wako karibu na wake, msemeshe huku unasogea pole pole kutoka bega hili mpaka lile. Akikufata kote mpaka kidevu kinakaribia bega, shingo haina neno. Akifika kati akakwama, au macho yanakuja kichwa kinabaki, au muda wote kainamisha kichwa upande huu kidevu kinatazama ule, au ukipapasa unakuta kijivimbe kigumu ndani ya msuli wa shingo, hapo msuli umefupika na huyo ni wa fizio, yani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hata umgeuze mara mia usiku atarudi kulekule.

Fizio msimuogope, hakuna mashine wala sindano. Anapima shingo inageuka kiasi gani kila upande, anakufundisha namna ya kuunyoosha msuli, namna ya kumshika na kumbeba, halafu kazi unaifanya wewe nyumbani kidogo kidogo kila unapombadilisha nepi, na unarudi kuangaliwa. Akianza na mtoto bado mdogo majibu yanakuja upesi, akianza ana miezi minane anapigana nawe. Tafadhali usijifunze kumvuta shingo kwenye klipu, nshaona mtoto kaletwa shingo imekaza mara mbili ya ilivyokuwa kwa sababu baba kaona YouTube.

Jambo la pili la kuangaliwa ni maungio yenyewe. Wapo watoto ambao ungio moja limejifunga kabla ya wakati wake, kama mmoja katika kila watoto 2,000 mpaka 2,500, na huyo hata alale hewani kichwa hakirudi, anahitaji daktari wa upasuaji. Namna ya kutofautisha, mpakate, nywele ziwe zimelowa, mtazame kutoka juu utosini. Cha kulalia upande mmoja kinakuwa kama kiboksi cha kiberiti ulichokisukuma ubavuni kikaenda mshazari: kule kulikolala bapa ndo sikio limekuja mbele na paji la uso la upande huohuo limetokeza. Wewe umesema sikio la kulia limekuja mbele na kisogo cha kulia ndo bapa, na alipozaliwa hakuwa nacho, yote mawili yanaelekea kwenye kulalia. Kama sikio lingekuwa limevutwa nyuma, au ukipitisha kidole unakuta ukingo kama kamba chini ya ngozi, au kazaliwa nacho na kinazidi, ningekwambia panda gari leo. Hata ivo mie nasoma tu, sijamuona, anaepapasa ndo anajua.

Kwahiyo huyo wa kliniki aliposema kitakaa sawa pengine kasema kweli ila kasema nusu. Kule New Zealand waliwafatilia watoto 200 tangu kuzaliwa, kwenye wiki 6 asilimia 16 walikuwa na kichwa cha namna hii, miezi 4 wakafika karibu asilimia 20, na walipotimiza miaka 2 wamebaki asilimia 3 tu na kitu. Unaona miezi 4 ndo kilele, wewe uko palepale, ndo mana kinakutisha. Nusu alokunyima ni kukugusia shingo na maungio. Rudi hospitali ya Wete, usikae kwenye foleni ya kupima uzito, muone daktari umwambie kwa maneno haya: naomba aangaliwe shingo na maungio ya fuvu, na azungushe utepe wa kupima kichwa aandike kwenye kadi. Akiona haja atakuandikia rufaa ya fizio au ya daktari wa watoto, ama hapohapo Pemba ama Mnazi Mmoja. Eksirei au sitiskani haina haja kama mkono wa daktari hauna wasiwasi, usiidai kwa kujiridhisha, ina mionzi na mtoto mdogo.

Nyumbani anza leo hii kabla hata ya kwenda. Mgeuze mchago, yani kichwa kilale miguuni na miguu mchagoni, ili mlango na wewe muwe kushotoni kwake, atageuka mwenyewe na bapa litaachwa hewani. Mnyonyeshe, na kama unampa chupa badilisha mkono, mana mama wengi mkono mmoja tu ndo wanaompakatia. Akiwa macho asikae chali kama mgonjwa, mbebe begani, mbebe kiunoni, na kile kiti cha kutikisika mlicholetewa zawadi kiwe cha dakika chache tu, hakitofautiani na godoro. Halafu kifudifudi akiwa macho na mtu anamtazama, mara nyingi kwa siku, dakika tatu, dakika tano, mpaka zikusanyike nusu saa na kuendelea. Atalia mwanzoni, watoto wetu wengi hawapendi, basi lala wewe chali umuweke kifuani kwako akunyanyulie kichwa, hiyo nayo inahesabika. Na mpige picha kutoka juu kila wiki mbili, kila siku hutaona tofauti utajitia wazimu bure.

Haya, helmeti. Nisikilize vizuri pamoja na mumeo kabla hajauza kitu. Ile haimminyi kichwa, inagusa pale palipotokeza na kuacha nafasi pale palipo bapa, kichwa kikue kuelekea kwenye nafasi. Inatengenezwa kwa kipimo cha kichwa chake baada ya kupigwa skani, anaivaa saa 23 kwa siku kwa miezi, na kila wiki chache inarekebishwa kwa kuwa kichwa kinakua. Kwahiyo hata ukiipata Maskati si kuwa unanunua unarudi nayo kwenye boti, unahamia huko. Mwaka 2014 Waholanzi walitoa matokeo yao, walichukua watoto 84 wa miezi mitano sita wenye vichwa vya kati mpaka vibaya, nusu wakavishwa miezi sita, nusu wakaachwa kama walivyo, walipofika miaka miwili walopona kabisa ni asilimia 26 upande wa helmeti na 23 upande wa bila, yani hakuna tofauti ya maana, na wazazi wote wa watoto walovishwa walilalamikia kitu, ngozi kuwasha, jasho, harufu, wazazi kushindwa kumpakata mtoto vizuri. Hiyo Uholanzi kwenye baridi, sasa wewe vuta picha saa 23 ndani ya plastiki Wete mwezi wa pili umeme umekatika. Ila sitaki nidhulumu, utafiti ule haukuchukua vichwa vibaya sana wala watoto wenye shingo iliyokaza, na wapo madaktari wanaoiagiza kwa kichwa kilichopinda sana kisichobadilika baada ya miezi ya fizio na kugeuzwa, ikianza kati ya miezi 4 na 6 au hapo karibu, baada ya mwaka faida inakuwa ndogo mno. Mwanao ana miezi mitatu na nusu, hajageuzwa hata siku moja, hajaonwa shingo. Kwa wakati huu mie singempeleka, na ile pesa ya kuulizia mngelipia nauli ya kwenda kwa fizio.

Kimto cha tundu usinunue, na kama ushanunua mpe paka. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatahadharisha wazazi wasitumie vimto vya kutengeneza kichwa kwa kuwa mtoto anaweza kukosa pumzi, shingo bado haina nguvu akigeuka pua inafukiwa na hana pa kwenda. Kimeandikwa cha daktari? Hata shampuu inaandikwa ya daktari.

Na mama mkwe usimgombeze, mpe kazi. Mwambie mama, daktari kasema mtoto alazwe kifuani kwa mtu mara nyingi kwa siku na mie napika, nisaidie. Utaona hamrudishi.

Shikamoo Bi. Mie ni baba, naishi Fuoni, binti yetu wa miezi minane kisogo chote kimelala, si upande mmoja, ukimtazama ubavuni kichwa kimenyooka kama ukuta. Kila kitu anafanya, anakaa, anatambaa. Kuna wakala wa safari za matibabu ananiambia nimpeleke India haraka, dirisha linafunga. Nikope?

Marahaba baba. Usikope. Mtoto anaekaa na kutambaa keshajitoa mwenyewe kwenye godoro, hiyo ndo tiba na haina bili. Kisogo kilicholala sawa pande zote ni ndugu wa kile cha upande mmoja, na kwa watu wetu wengi kichwa kifupi kipana ni cha ukoo tu, hebu mvue kofia babu yake umtazame. Aonwe mara moja na daktari wa watoto ili maungio yapapaswe na kipimo cha kichwa kilinganishwe na cha kwenye kadi, basi. Anaekwambia dirisha linafunga huku yeye ndo anauza tiketi, mskilize kwa sikio moja. Kuna kinachobaki bapa kidogo? Pengine, na nywele za mtoto wa kike zitakisitiri kabla hajaingia skuli. Wangu wa pili alilala upande mmoja mpaka nikaogopa kumvua kofia mbele za watu, leo ana ndevu na hakuna anaemtazama kisogo isipokuwa kinyozi.

Mie bibi wa Makunduchi, wajukuu wote nimewakanda mimi, pua, paji, kisogo, na vichwa vyao vizuri. Leo binti yangu hataki nimguse mtoto ati nesi kakataza. Sisi tulikosea wapi?

Shikamoo bibi. Hukukosea kwenye mafuta na kumnyoosha viungo, mtoto anapenda mkono wa bibi yake, analala vizuri, na ukimkanda unamgeuza kifudifudi, unamnyanyua, ndo hayohayo tunayowafundisha watoto wenu leo kwa vipeperushi. Kinachokatazwa ni kukiminya kichwa kwa vidole gumba ili kibadilike, na kuugusa utosi kwa nguvu, kwani chini yake hakuna mfupa. Vile vichwa vizuri vya wajukuu nakwambia kwa heshima bibi, vingi vingekuwa vizuri bila kuminywa, vilijaa wenyewe ila mkono wako ndo uliokuwepo ukasifiwa. Mwambie binti yako nimekuruhusu mwili mzima na kichwani mafuta ya nazi kwa kiganja tu. Na ukiona shingo inakaza upande mmoja wewe ndo utakua wa mwanzo kujua, kumzidi hata nesi, basi sema.

Dada nisaidie, niko Chake, mtoto wa wiki saba, kazaliwa kichwa kirefu kama embe dodo, wakasema ni cha kuzaliwa kitarudi. Hakijarudi, kinazidi kurefuka mbele na nyuma, na juu katikati kuna kama mstari umetokeza ukipapasa. Ananyonya vizuri, hatapiki. Ningoje sindano ya wiki 10 niulize?

Usingoje. Kichwa kilichobanwa wakati wa kuzaliwa huanza kurudi ndani ya siku na wiki chache, hakizidi. Kinachozidi kurefuka na kina ukingo juu katikati kinatakiwa kuonwa wiki hii na daktari, kwani huenda ungio la katikati limefunga mapema, na hilo ndo linalofunga mara nyingi kuliko mengine. Huenda pia sivyo, mtoto njiti kwa mfano kichwa chake huwa kirefu chembamba kwa kulazwa ubavu, lakini hilo aseme alompapasa. Ninavyokuharakisha ni kwa sababu ya umri: upasuaji mdogo wa kupitisha kamera unafaa zaidi mtoto akiwa na miezi mitatu minne, baadae ndo anavishwa helmeti na hapo helmeti ina kazi ya kweli, ukichelewa unabaki ule mkubwa wa kufungua ambao mara nyingi hufanywa kati ya miezi 6 na 12. Kama upi unapatikana wapi watakwambia wao, wewe tafuta rufaa. Mnazi Mmoja kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa pamoja na taasisi ya NED ya Hispania, na Dar es Salaam kuna MOI pale Muhimbili.

Katikati ya hapo akianza kutapika sana, utosi ukavimba na kukaza akiwa ametulia, macho yakawa yanatazama chini tu kama jua linazama, au analala hadi hanyonyi, usisubiri rufaa wala asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo. Beba kadi ya kliniki na zile picha za siku alozaliwa ziko kwenye simu, wataziomba.